Fiodi si ziwa, wala si kila hori lenye milima

Kila ifikapo Juni, picha za Norway huanza kumiminika kwenye simu zetu: maji ya kijani yaliyotulia, milima imesimama wima pande zote mbili, nyumba nyekundu ya mbao ukingoni. Chini yake mtu ameandika “ziwa la Geiranger”. Mwingine, aliyerudi Kabale kule Uganda, anaweka picha ya Ziwa Bunyonyi na kuliita “fiodi yetu”. Wote wamepiga picha nzuri mno, ila majina wameyapishanisha.

Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia katika bonde lililochongwa na barafu. Masharti ni mawili tu: maji yawe ya bahari, na bonde liwe kazi ya barafu. Likikosekana moja, hiyo si fiodi.

Sharti la barafu ndilo linalosahaulika. Mto ukishuka mlimani hukata bonde jembamba chini, mfano wa herufi V. Barafu yenye unene wa mamia ya mita, ikijikokota polepole kwa maelfu ya miaka, hukwangua sakafu na kuta kwa pamoja, na bonde likabaki na umbo la U. Tena kwa uzito wake huweza kuchimba hadi chini kabisa ya usawa wa bahari. Sognefjord, fiodi ya Norway yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ina kina cha takriban mita 1,300 huko ndani, lakini mlangoni kina hupungua sana. Pale barafu ilikuwa imekwisha nguvu, mwamba ukabaki kama kizingiti. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia kwa juu yake. Kwa kuwa kuta ni wima na kina ni kikubwa, meli hupita karibu kabisa na ukuta wa mlima bila kugusa chini.

Sasa mahori ya Kilindini na Mtwapa, pwani ya Kenya, ambayo nayo nimeshasikia yakiitwa fiodi: ni mabonde ya mito yaliyofunikwa na bahari ilipopanda. Bahari imo, barafu haikuwahi kufika. Boka Kotorska, ghuba ya Montenegro, ni ya ukoo huohuo wa Kilindini, hata kama wauza safari huitangaza kuwa fiodi ya kusini kabisa mwa Ulaya. Bunyonyi imekosa yote mawili, kwa kuwa ni bonde lililozibwa na lava. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kuishinda Sognefjord, lakini ni ardhi iliyopasuka, Bonde la Ufa. Anayetaka kuona kazi halisi ya barafu hapa kwetu apande Mlima Kenya hadi bonde la Gorges: umbo la U lipo wazi, na Ziwa Michaelson limelala sakafuni. Kilichokosekana ni bahari.

Tofauti ya ziwa na fiodi inaonekana vizuri zaidi katika kijiji cha Loen huko Norway, mwisho wa fiodi ya Nordfjord. Mbele ya kijiji ni fiodi. Ukipanda kidogo nyuma yake unakuta Lovatnet, ziwa la maji baridi lenye kijani cha maziwa, kwa sababu mito inayolilisha hubeba unga wa mwamba uliosagwa na barafu. Mabonde yote mawili yalichongwa na barafu, na kati yake kuna mto mfupi tu. Kwenye picha hufanana sana, ila tazama mawe ya ukingoni. Penye fiodi mara nyingi utaona ukanda wa mwani wa kahawia, alama ya maji kujaa na kupwa. Penye ziwa, majani na miti huteremka hadi majini.

Wanorway wenyewe hawasaidii sana. Neno lao ni la zamani, lina undugu na kitenzi cha kusafiri, na hulitumia pia kwa baadhi ya maziwa: Tyrifjorden na Randsfjorden yote ni maji baridi. Kwa hiyo anayeandika “Ziwa Tyrifjorden” asisahihishwe, yuko sawa. Lakini Geiranger, picha ikiwa na meli ya watalii ya ghorofa nyingi katikati ya maji, tafadhali tuandike fiodi. Meli ile imeingia kutoka baharini.