Kutambulika kuwa na usonji ukubwani: maswali na majibu

Watu wazima wengi wanaokwenda kwa mtaalamu kuulizia usonji wao wenyewe hufika huko baada ya mtoto wao kuchunguzwa, au baada ya kutibiwa sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha) kwa miaka mingi bila kupata nafuu ya maana. Maswali yafuatayo ni yale wanayouliza mara kwa mara, wao pamoja na wenza na ndugu wanaowasindikiza.

Je, mtu anaweza kupata usonji akiwa mtu mzima?

Hapana. Usonji (autism) ni hali ya ukuaji wa ubongo, inayogusa mawasiliano, mahusiano na hisi, ambayo mtu huwa nayo tangu mwanzo wa maisha yake, na kinachochelewa ni kutambuliwa. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataka dalili ziwe zilikuwapo tangu utotoni, lakini unakubali kwamba huenda zisionekane kikamilifu hadi pale mahitaji ya maisha ya kijamii yatakapozidi uwezo wa mtu, au kwamba zinaweza kufunikwa na mbinu alizojifunza kadiri alivyokua. Ndiyo maana wengi hukwama baada ya kupandishwa cheo, kupata mtoto au kufiwa na mwenza aliyekuwa akiwasimamia mambo mengi ya kila siku. Hata hivyo, mtu ambaye hakuwa na dalili yoyote utotoni kisha akabadilika tabia ghafla anahitaji kutafutiwa sababu nyingine, na asicheleweshwe.

Kwa nini hakuna aliyegundua nilipokuwa mtoto?

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipoandika kuhusu usonji huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943 alieleza habari za watoto 11, na Hans Asperger, daktari wa watoto aliyeandika huko Vienna, Austria, mwaka uliofuata, naye alieleza watoto. Kwa miongo kadhaa picha iliyotawala vichwani mwa madaktari ilikuwa ya mvulana mdogo asiyezungumza, kwa hiyo msichana aliyefaulu mitihani, aliyejua kusoma mapema na ambaye hakumsumbua mwalimu hakufikiriwa kabisa. Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza, aliipanua picha hiyo kwa makala yake ya mwaka 1981, lakini mwongozo wa Marekani ulisubiri hadi 1994 kuingiza hali iliyoitwa kwa jina la Asperger, kisha mwaka 2013 ukaziunganisha aina zote kuwa wigo mmoja, yaani hali moja yenye viwango na sura tofauti. Shirika la Afya Duniani limefanya vivyo hivyo katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Inashangaza jinsi ilivyosahaulika kwamba watoto wale wa kwanza wangekua: Donald Triplett, aliyekuwa wa kwanza katika orodha ya Kanner, alifanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Sababu ya pili ni kwamba wasichana wengi hujifunza mapema kuiga wenzao, na mtoto mkimya anayeiga vizuri husifiwa kwa adabu badala ya kupelekwa kwa mtaalamu.

Nina kazi, nina ndoa na ninazungumza na watu bila shida inayoonekana. Nitakuwaje na usonji?

Swali hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na kwa bahati mbaya baadhi ya wahudumu wa afya bado hulitumia kama jibu. Kosa lake ni kupima matokeo na kuacha kupima jitihada zilizotumika kuyapata. Watu wawili wanaweza kupiga simu ileile kwa mafanikio yaleyale, lakini mmoja ameipiga akiwa njiani, na mwingine ameandika sentensi zake kwenye karatasi, amezisoma kwa sauti mara kadhaa, amepanga atajibu nini akiulizwa hili au lile, na baada ya simu amejilaza katika chumba chenye giza hadi jioni. Katika mkutano, mmoja anasikiliza hoja. Mwingine anasikiliza hoja huku akihesabu kimoyomoyo muda wa kumtazama msemaji machoni kabla ya kuangalia pembeni, na papo hapo akijitahidi kutosikia mlio wa taa ya dari na kutohisi lebo ya shati inayomkwaruza shingoni.

Kuficha dalili kwa namna hii huchosha, na kukiendelea kwa miaka mingi huambatana na wasiwasi na sonona. Watu wenye usonji hueleza pia kipindi cha kuishiwa nguvu kabisa, ambapo hata mambo waliyokuwa wakiyamudu, kama kupika au kujibu ujumbe, huwashinda kwa wiki au miezi. Kwa hiyo mtaalamu makini atakuuliza ulivyofanikiwa, kisha atakuuliza ilikugharimu nini.

Uchunguzi wenyewe hufanywaje?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha usonji. Uchunguzi hufanywa na daktari bingwa wa akili, mwanasaikolojia tiba au timu yenye uzoefu na watu wazima, na sehemu yake kubwa ni mazungumzo marefu kuhusu maisha yako tangu utotoni. Wataalamu huangalia mambo makuu mawili: tofauti katika mawasiliano na mahusiano, na mwelekeo wa kurudiarudia, yaani kushikilia ratiba, kuzama katika jambo moja, miondoko inayojirudia, na hisi zinazozidi au kupungua kuliko kawaida. Hilo la hisi liliingizwa rasmi katika vigezo vya Marekani mwaka 2013, na mara nyingi ndilo linalomfanya mtu aseme, “Kumbe hata hili ni sehemu yake?”

Huenda ukajaza hojaji, kama ile ya maswali 50 iliyotungwa na mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2001. Alama kubwa huonyesha tu kwamba uchunguzi kamili unafaa, kwa sababu hata mtu anayeogopa sana kukutana na watu anaweza kuipata bila kuwa na usonji. Mtaalamu atapenda pia kuzungumza na mtu aliyekufahamu ukiwa mdogo: mama, baba, kaka, dada au shangazi aliyekulea. Ripoti za shule husaidia, hasa maoni ya walimu. Kama wazazi wamefariki au hutaki wahusishwe, sema mapema. Kukosekana kwao peke yake hakupaswi kufunga mlango.

Kabla ya siku hiyo, andika mifano badala ya sifa. “Sipendi kelele” haimwambii mtaalamu mengi. “Kwenye harusi ya binamu yangu nilijifungia chooni muziki ulipoanza, nikatoka wageni walipokuwa wakiondoka, na nilipokuwa na umri wa miaka saba nilikuwa nikijificha chini ya meza kila sherehe” inamwambia karibu kila anachohitaji, pamoja na kwamba jambo hilo lilianza zamani. Ukiulizwa unajisikiaje na ukashindwa kupata neno, mwambie hivyohivyo, kwa kuwa ugumu wa kutambua hisia zako mwenyewe ni wa kawaida kwa wenye usonji.

Nilishaambiwa nina sonona na wasiwasi. Je, waliniambia vibaya?

Si lazima. Wasiwasi, sonona, matatizo ya usingizi, kifafa na upungufu wa umakini huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na mtu anaweza kuwa na zaidi ya kimoja. Wapo kweli waliopewa jina lisilowafaa, hasa wanawake walioambiwa wana tatizo la haiba (ugonjwa wa akili unaohusu tabia na namna ya kuhusiana na watu), lakini mtaalamu ndiye anayepaswa kupitia upya rekodi hizo. Usiache dawa ghafla kwa sababu tu umepata maelezo mapya.

Je, kuna dawa ya usonji?

Hakuna, na anayeiuza anakudanganya. Kinachotibiwa ni yale yanayoambatana nao, na tiba ya mazungumzo hufaa zaidi inapofanywa kwa lugha ya moja kwa moja na kwa mtaalamu anayeujua usonji.

Nimepata majibu, na sielewi kama nilie au nifurahi.

Vyote viwili hutokea, mara nyingi katika siku moja. Wengi hupata ahueni kwanza, kwa kuwa maneno kama “mvivu”, “mkaidi” na “huna heshima” hatimaye yamepata maelezo mengine. Kisha huja uchungu wa miaka iliyopita, na wakati mwingine hasira dhidi ya waliowalea, ambao mara nyingi hawakuwa na namna ya kujua. Usifanye maamuzi makubwa ya kazi au ndoa katika wiki za mwanzo kama yanaweza kusubiri. Tafiti zinaonyesha kwamba mawazo ya kujiua ni mengi zaidi miongoni mwa watu wazima wenye usonji, kwa hiyo yakikujia, mwambie mtu wa karibu na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Je, nimwambie mwajiri?

Huwajibiki kumwambia kila mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatambua haki ya kufanyiwa marekebisho yanayofaa kazini, ingawa utekelezaji wake hutegemea sheria za kila nchi. Katika hali nyingi ni afadhali kuomba jambo mahususi, kama maelekezo kwa maandishi, meza iliyo mbali na mlango au kupewa ajenda ya mkutano mapema, kuliko kutaja usonji pekee na kumwachia msimamizi akisie unachohitaji.

Je, watoto wangu watakuwa nao?

Uwezekano huongezeka, kwani urithi wa vinasaba unachangia kwa sehemu kubwa, lakini hakuna uhakika kwa mtoto mmoja mmoja. Chanjo hazihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha dai kwamba chanjo husababisha usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010.

Vipi kama mtaalamu atasema si usonji?

Omba ripoti ya maandishi inayoeleza ni vigezo vipi havikutimia na ni maelezo gani mengine yanaifaa hali yako. Kama utaona kwamba hukuulizwa kuhusu utoto wako au kuhusu jitihada unazotumia, una haki ya kutafuta maoni ya mtaalamu mwingine. Wakati huo endelea na yale yanayokusaidia, kama vizibo vya masikio, mapumziko baada ya mikusanyiko na ratiba inayoeleweka, kwani hayo hayahitaji ripoti ya daktari.