Turbo Iliyokufa kwa Wakati Mzuri: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Bahati na Injini za Mashindano

Jumamosi ya tarehe 14 Aprili 2018, katika mazoezi ya mwisho kabla ya mchujo unaopanga nafasi za kuanzia mbio za langalanga (Formula 1) mjini Shanghai, China, gari la Daniel Ricciardo, dereva wa timu ya Red Bull, lilianza kufuka moshi nyuma, ndimi za moto zikaonekana, na mazoezi yakamwishia hapo. Kesho yake dereva huyohuyo alisimama juu kabisa ya jukwaa la washindi. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kisa cha bahati tupu, na ndani ya masimulizi hayo zimo dhana kadhaa zisizo sahihi kuhusu injini, kuhusu kazi ya mafundi, na kuhusu bahati yenyewe.

"Moshi na moto maana yake injini imenoki"

Mtazamaji aliyezoea barabara zetu akiona wingu la moshi nyuma ya gari huhitimisha papo hapo kwamba pistoni zimekwisha. Kilichokufa Shanghai kilikuwa turbo. Turbo ni gurudumu dogo lenye mapanga, linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili lisukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Katika injini za langalanga za wakati huo, zenye silinda sita na ujazo wa lita 1.6, kanuni ziliruhusu turbo izunguke hadi mara 125,000 kwa dakika. Shafti yake huzunguka ndani ya oili, na upande wake mmoja umepakana na ekzosi yenye joto kali. Shafti ikivunjika au sili inayozuia oili ikiachia, oili humwagika palepale penye joto, moshi hutanda na moto huwaka, ilhali silinda zote sita zinaweza kuwa bado nzima. Wenye malori ya dizeli wanalijua jambo hili kuliko mashabiki wengi wa langalanga: lori linakula oili na kufuka moshi mlima mzima, kisha fundi akifungua anakuta kasoro iko kwenye turbo.

"Mafundi waliitengeneza injini kwa saa mbili"

Hakuna aliyeitengeneza. Injini za langalanga hufungwa lakiri na wasimamizi, na fundi haruhusiwi kuifungua na kuchokonoa ndani yake kama afanyavyo fundi wa gereji ya mtaani. Walichofanya mafundi wa Red Bull ni kuing'oa yote na kufunga nyingine, na ugumu wa kazi hiyo hauonekani kwenye televisheni. Injini ya gari la aina hii haijawekwa juu ya chesisi kama ilivyo katika gari la kawaida, kwa kuwa yenyewe ni sehemu ya mwili wa gari. Mbele imefungwa kwa boliti kwenye sanduku analokaa dereva, nyuma imebeba gia boksi, na gia boksi nayo imebeba magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo kuitoa injini ni kulikata gari vipande viwili, kutenganisha mabomba ya maji, ya oili na ya haidroliki pamoja na nyaya kadhaa wa kadhaa, huku vyuma vikiwa bado vya moto kiasi cha kumwunguza anayevigusa. Baada ya kuunganisha kila kitu tena, injini mpya haiwashwi ikiwa baridi. Maji na oili yake hupashwa joto kwanza, kwa sababu vyuma vyake vimekaribiana mno kuweza kuzunguka bila joto hilo.

Kazi hiyo ilifanyika kwa takriban saa mbili. Sehemu ya kwanza ya mchujo hudumu dakika 18, na Ricciardo alitoka gereji zikiwa zimebaki dakika kama tatu, muda unaotosha mzunguko mmoja wa maana. Akapenya hadi hatua iliyofuata, na mwishoni akapangwa kuanzia nafasi ya sita.

"Alishinda kwa sababu gari la usalama lilimbeba"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Katika mbio za Jumapili, magari mawili ya timu ya Toro Rosso yaligongana, gari la usalama, lile linalowaongoza wote polepole kukiwa na hatari, likaingia, na Red Bull wakawaita madereva wao wote wawili kwa mpigo mmoja wabadilishiwe matairi, wakati waliokuwa mbele yao walibaki na matairi yaliyochakaa. Hiyo ilikuwa bahati, bila shaka. Lakini Max Verstappen, dereva wa pili wa Red Bull, alikuwa na gari lilelile, matairi mapya yaleyale na fursa ileile, tena alikuwa mbele ya mwenzake. Alijaribu kumpita Lewis Hamilton akatoka nje ya njia, kisha akamgonga Sebastian Vettel, akaadhibiwa sekunde 10 na kuishia nafasi ya tano. Ricciardo aliwapita Kimi Räikkönen, Hamilton, Vettel na hatimaye Valtteri Bottas, akashinda kwa zaidi ya sekunde nane. Bahati moja iligawiwa watu wawili, na kila mmoja akaitumia kwa namna yake.

Kwa maoni yangu, bahati halisi ya wikendi ile ilikuwa saa ambayo turbo ilikufa, na hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapopita haraka. Ingekufa saa chache baadaye, mwanzoni mwa mchujo, Ricciardo angeanzia nyuma kabisa. Aidha gari likishaingia kwenye mchujo huwa chini ya ulinzi wa wasimamizi na haliguswi ovyo bila idhini. Ingekufa Jumapili, hakuna fundi ambaye angeweza kumsaidia. Toyota wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 19 Juni 2016 gari lao namba 5, likiendeshwa na Kazuki Nakajima, lilikuwa linaongoza mbio za saa 24 za Le Mans, lakini zilipobaki dakika tatu hivi likapoteza nguvu na kusimama karibu na mstari wa kumalizia. Chanzo kilikuwa kiungio cha bomba la hewa kati ya turbo na kipoza hewa. Porsche wakapita na kushinda. Nakajima aliweza baadaye kulikokota gari hadi mwisho, lakini mzunguko wake wa mwisho ulizidi dakika sita zinazoruhusiwa, na gari halikuhesabiwa hata kuwa limemaliza.

"Injini yenye hitilafu haishindi"

Mwezi mmoja na nusu baada ya Shanghai, huko Monaco, Ricciardo alikuwa anaongoza pale mota ya umeme inayoisaidia injini ilipoacha kufanya kazi, na mbio zilikuwa hazijafika nusu ya mizunguko yake 78. Mota hiyo wakati huo iliongeza kilowati 120, yaani nguvu za farasi kama 160, na kiongozi wa timu alisema gari lilipoteza takriban robo ya nguvu zake. Tena mota hiyo huvuna umeme dereva anapofunga breki, na hivyo huzipunguzia kazi breki za nyuma. Ilipokufa, breki hizo zilibeba mzigo peke yake na kuanza kupata joto kupita kiasi. Dereva alihamishia nguvu ya breki mbele, akatumia gia sita kati ya nane, na Vettel akabaki nyuma yake mpaka mwisho, Ricciardo akashinda. Ni kweli kwamba vichochoro vya Monaco vilimsaidia, kwa kuwa kumpita mtu pale ni kazi kubwa. Kwenye barabara pana ya Shanghai angepitwa na nusu ya magari.

Wasomaji wa Kenya wataongeza ya kwao hapa. Katika Safari Rally ya Naivasha vumbi laini kama unga huingia hadi kwenye chujio za hewa na kuikaba injini, na gari likizimika nje ya kituo cha huduma, hakuna kikosi cha mafundi kinachoruhusiwa kulikimbilia. Dereva na msaidizi wake hutengeneza wenyewe, kwa vifaa walivyobeba ndani ya gari.

"Kubadilisha injini hakuna gharama"

Mwaka 2018 kila dereva wa langalanga aliruhusiwa injini tatu na turbo tatu tu kwa mbio 21, na baadhi ya vifaa vya umeme viwili viwili, mota ya Monaco ikiwa mojawapo. Kifaa kinachokufa mapema hakirudishwi kwenye hesabu. Kimekwisha kutumika, na atakayezidisha idadi hupangwa nyuma zaidi siku ya mbio. Shanghai Ricciardo hakuadhibiwa kwa sababu mgawo wake ulikuwa bado unatosha. Mwezi Julai, huko Hockenheim nchini Ujerumani, ulikuwa umemalizika: alifungiwa vifaa vya ziada, akaanzia nyuma, akawapita wengi, kisha gari likapoteza nguvu na hakumaliza mbio.