Kabla Hujasema Skana Imekufa, Pima Soketi ya Gari

Vifaa vya kupimia magari vinavyofika kwenye meza yetu ya mapokezi vinazidi kuongezeka, na vingi vinakuja na maelezo yale yale: "Imekufa." Tunakichomeka kifaa kwenye benchi la majaribio, kinawaka, kinaongea na kompyuta, kinasoma misimbo ya hitilafu bila shida. Wakati huo mwenyewe ameshalipa ada ya ukaguzi na gari la mteja wake limelala gereji siku kadhaa. Kitengo chetu kinahakiki na kutengeneza vifaa hivi. Hasara ya namna hii tunaiona kila wiki, na inaepukika kwa dakika 10 za kupima.

Tuanze na umeme. Skana, yaani kifaa kinachosoma misimbo hiyo kutoka kwenye kompyuta ya gari, ikiwa haina betri yake hula umeme wa gari kupitia pini namba 16 ya soketi iliyo chini ya usukani. Pini ya 4 na ya 5 ni hasi. Pini ya 16 huwa na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na betri nzima iliyopumzika itakuonyesha volti 12.6 hivi. Ukikuta sifuri, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo ndiyo inayolisha pia kiwashio cha sigara, kwa hiyo chaja ya simu iliyopiga shoti jana inaweza kuwa ndiyo iliyoizima skana yako leo.

Usiridhike na multimita (kipimo cha volti na ukinzani) peke yake. Multimita haivuti umeme wa maana, hivyo waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12 kamili. Chukua taa ya majaribio yenye balbu, unganisha kati ya pini ya 16 na ya 4, kisha rudia kati ya 16 na 5. Balbu ikiwaka hafifu, au volti zikishuka mara inapowaka, tatizo liko kwenye nyaya za gari. Skana inayowaka na kujizima kila inapoanza kusoma, mara nyingi ugonjwa wake ni huu.

Ninaomba sana jambo moja hapa. Msisukume ncha nene za multimita ndani ya matundu ya soketi. Vibano vya ndani ni vyembamba. Vikishapanuliwa havikazi tena, na kuanzia siku hiyo kila skana itakayochomekwa hapo itakuwa inashika na kuachia. Tunapokea malalamiko ya "skana inakata mawasiliano" ambayo chanzo chake ni fundi aliyepima soketi ile ile miezi iliyopita. Kuna kisanduku cha kupimia kinachochomekwa kwenye soketi na kuzitoa pini zote 16 nje. Kama huna, tumia pini yenye unene sawa na ile ya plagi.

Umeme ukiwa sawa na skana inawaka lakini haipati gari, pima njia ya mawasiliano. Kwenye magari yanayotumia mtandao wa CAN (nyaya mbili zinazounganisha kompyuta za gari), mtandao ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986 na ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mepesi ya toleo la 2008 na kuendelea, pini ni ya 6 na ya 14. Zima gari, ondoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha pima ukinzani kati ya pini hizo mbili. Ukipata karibu omu 60, njia ni nzima, kwa kuwa mtandao una vikinzani viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, kimoja hakionekani: pengine waya umekatika au moduli (mojawapo ya kompyuta za gari) imechomolewa. Ukipata karibu na sifuri, nyaya mbili zinagusana. Tahadhari: kwenye magari yenye moduli ya lango, yaani kompyuta inayochuja mawasiliano kati ya soketi na mitandao mingine, unapima kipande kile cha kwenye soketi tu, na namba inaweza kutofautiana bila kuwa na ubovu. Angalia mchoro wa gari husika.

Malango hayo yameleta lalamiko jingine. Baadhi ya magari, yakiwemo ya kundi la Fiat Chrysler (sasa sehemu ya Stellantis) kuanzia toleo la 2018, yanaruhusu skana kusoma misimbo lakini yanaizuia kuifuta au kuendesha majaribio mpaka itambuliwe kwa akaunti iliyosajiliwa. Kifaa hakijaharibika. Hatuna ufunguo wa kuondoa kizuizi hicho, na hatutakiondoa hata tukiombwa.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuichomeka skana kwenye gari la pili unalojua ni zima. Ikisoma huko, tatizo ni gari la kwanza. Sielewi kwa nini hatua hii inarukwa na watu wenye magari sita uani.

Sasa niseme juu ya skana "inayodanganya". Kuna watu wanatuletea kifaa kwa sababu kilionyesha P0171, wakabadilisha sensa ya oksijeni, na msimbo ukarudi. Skana haikusema badilisha sensa. Msimbo huo unasema kompyuta ya injini imeona mchanganyiko una hewa nyingi mno kulingana na mafuta kwenye benki ya kwanza, yaani upande wa injini wenye silinda namba moja. Mpira wa hewa uliopasuka hufanya hivyo, na pampu ya mafuta iliyochoka hufanya hivyo pia. Kifaa kinakuletea ushahidi wa kompyuta ya gari jinsi ulivyo. Kutafuta chanzo ni kazi ya fundi. Vilevile kufuta msimbo si kutengeneza. Ukifuta, unafuta pia matokeo ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe barabarani, na kituo cha ukaguzi kitaona kuwa yamefutwa. Magari ya soko la Marekani, tangu yale ya toleo la 2010 yalipoanza kuja nayo, yana misimbo ya kudumu ambayo skana haiwezi kuifuta kabisa. Huondoka tu gari lenyewe likithibitisha limepona. Tafadhali msituletee skana kwa sababu hiyo.

Vifaa vilivyokufa kweli navyo tunavipata, na sababu zake hazizidi chache. Ya kwanza ni joto. Kifaa chenye betri ya lithiamu kikiachwa juu ya dashibodi juani, betri huvimba na kukisukuma kioo kutoka ndani. Ukiona kifuniko kimeanza kuinuka, acha kukichaji siku hiyo hiyo na usikitoboe. Kifaa kitakachokaa bila kazi kihifadhi kikiwa na chaji karibu nusu, mahali pakavu penye ubaridi.

Ya pili ni umeme wa ghafla. Kuna fundi anayechomoa betri injini ikiunguruma ili "kupima alternata". Alternata iliyopoteza betri ghafla inaweza kurusha zaidi ya volti 80 kwa kitambo kifupi, na skana iliyochomekwa wakati huo inazipokea zote. Chomoa skana kabla ya kuwasha gari kwa betri ya kuazima. Na plagi za skana za volti 12 zimetengenezwa makusudi zisiingie kwenye soketi ya volti 24 ya malori. Hiyo ndiyo kazi ya kile kizuizi cha katikati. Tumepokea plagi zilizochongwa kwa kisu ili ziingie. Hizo hazina matengenezo ya bure hata kama waranti bado haijaisha.

Ya tatu ni usafi. Petroli, thina na dawa ya kusafishia breki hula plastiki na kioo. Kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili kidogo kinatosha, kifaa kikiwa kimezimwa. Kebo usiikunje kwa kuizungushia kifaa. Nyaya hukatika pale pale shingoni mwa plagi, kwa ndani, ganda likibaki zima. Ukiitikisa kebo karibu na plagi na kioo kikapepesa, umeshapata ubovu.

Wakati wa kusasisha programu, hakikisha chaji imezidi nusu na usikatishe. Ukiandika programu kwenye kompyuta ya gari, tumia kifaa maalumu kinachoshikilia volti bila kuyumba. Chaja ya kawaida ya gereji haifai, umeme wake una mawimbi.

Kwenye multimita, kosa ni moja linalojirudia: waya mwekundu kubaki kwenye tundu la ampea, kisha mtu akaenda kupima volti za betri. Fyuzi inakatika, na hapo inawekwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ile ya kauri iliwekwa ili multimita isilipuke mkononi mwako. Weka ya aina na kiwango kilichoandikwa, si vingine. Na betri ya multimita ikiishiwa, kifaa kinaweza kusoma volti za juu kuliko zilizopo. Ibadilishe mara tu alama ya betri inapotokea.

Kipima moshi kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu majibu yake yanaamua gari la mtu lipite au lisipite. Kila asubuhi kiache kipate moto kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, fanya jaribio la kuvuja kwa kuziba ncha ya mpira, kisha kisome hewa safi. Oksijeni iwe karibu asilimia 20.9, na kaboni monoksidi na haidrokaboni ziwe sifuri. Haidrokaboni zikigoma kushuka, mpira au kichujio kimelowa masalia ya mafuta. Yamwage maji yaliyojikusanya kwenye kikombe chake. Ukimaliza kazi, iache pampu ivute hewa safi dakika kadhaa kabla ya kuzima. Sensa ya oksijeni huzeeka hata kifaa kikilala kabatini, kwa hiyo hoja ya "sijakitumia mwaka mzima" haikisaidii kifaa, inatuongezea shaka.

Lakiri tunayoifunga kwenye kifaa tukishakihakiki isiguswe. Ikikatika, kwa ajali au kwa makusudi, cheti kinakoma saa hiyo hiyo. Hakisubiri tarehe yake. Kifaa kitabandikwa lebo ya kutotumika, kitahakikiwa upya kwa ada kamili, na mwenye kifaa ataandika orodha ya magari yote yaliyopimwa tangu uhakiki wa mwisho. Tukikuta programu imebadilishwa ili isome chini, hatukirudishi mpaka taarifa imefika kwenye mamlaka iliyokupa leseni. Adhabu zaidi ya hapo zinategemea sheria za mahali ulipo, na si sisi tunaozipanga.

Unapoleta kifaa, andika namba yake ya mfululizo, toleo la programu, gari lililogoma pamoja na mwaka wake, na volti ulizopata kwenye pini ya 16. Neno "imekufa" halikubaliki tena kwenye fomu. Leta na kebo zake zote. Kifaa kikija peke yake tutakuandikia ulete kebo kwanza, na hatutakifungua kabla haijafika, maana mara nyingi sana kebo iliyobaki gereji ndiyo mbovu.