Kabla hujafunga kalipa nyekundu kwenye Forester yako

Haiishi wiki hajaja mtu gereji na Subaru Forester, hata gari hajazima anasema fundi nataka Brembo, zile kalipa nyekundu za Subaru STI, ile ya spidi. Kalipa ndo kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski ya breki. Sawa, zinapendeza, hata mimi nazipenda. Ila namuuliza kwanza, ukiwa spidi 60 kwenye lami kavu ukakanyaga breki mpaka mwisho, ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge, inapiga? Kama inapiga basi nguvu ya kubana unayo tayari, kilichobaki ni tairi kushika lami. Nachuchumaa nasoma ubavuni mwa tairi zile namba nne za tarehe ya kutengenezwa, 2316, yaani wiki ya 23 mwaka 2016, raba ngumu kama kwato halafu tunaongelea kalipa!

Diski kubwa inayokuja na Brembo kazi yake hasa ni kuhimili joto. Shuka ule mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, gari limejaa watu na mizigo, mguu hautoki kwenye breki, ndo utaelewa. Na hapo sikiliza pedali: ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto, ikiwa laini inazama mpaka chini, breki fluidi imechemka imeingia mvuke. Fluidi inavuta unyevu taratibu bila wewe kujua, DOT 4 (aina ya breki fluidi) mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155 hivi, kwahiyo ile ya miaka mitano usiniambie bado ipo full. Kujaa sio uzima. Na DOT 5 achana nayo, hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi zetu.

Pedi chukua nzuri za barabarani tu, za mashindano zinataka zipate moto kwanza, asubuhi unatoka nyumbani hazishiki. Ukifunga mpya zizoeshe na diski, kutoka 60 punguza mpaka 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu tembea ziachie zipoe.

Bado unataka Brembo? Haya, ila pima rimu kwanza, kuna jamaa kanunua seti nzima rimu zake za inchi 16 zikagoma kuingia, akarudi kutafuta za 17. Na ukibadilisha mbele peke yake unaweza kuharibu balansi, mbele inabana mapema nyuma haisaidii kitu.

Huyo wa juzi tumemaliza na tairi nne, pedi na DOT 4, kalipa zake zilezile tukazipiga rangi nyekundu.