P Tatu: maana yake katika historia ya magari ya kifahari ya Marekani

"P Tatu" ni jina la jumla la kampuni tatu za magari za Marekani zilizoanza na herufi hiyo: Packard, Peerless na Pierce-Arrow. Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri wa New York au Chicago aliyetaka gari la kutambia aliangalia hizo kwanza. Cadillac ilikuwepo tangu 1902, ila ilichukua miaka mingi kuzipiku kwa hadhi.

Asili zao hazikuwa za kifahari hata kidogo. Peerless ya Cleveland ilianza na mashine za kukamulia nguo, kisha baiskeli. George Pierce wa Buffalo alitengeneza matundu ya kufugia ndege. James Ward Packard na kaka yake William walikuwa na kiwanda cha taa za umeme mjini Warren, Ohio. Husimuliwa kwamba James alinunua gari la Winton likamsumbua, na alipolalamika, mtengenezaji wake, Alexander Winton, akamjibu kwamba kama anajua sana, atengeneze lake. Akatengeneza, mwaka 1899. Tangazo la Packard baadaye halikusifia injini wala viti. Lilisema tu: muulize mwenye nayo.

Kununua gari la aina hii hakukuishia dukani. Mteja aliweza kuchukua chesisi (fremu ya chini ya gari) na injini peke yake, akaipeleka kwa mafundi wa bodi kama Brunn wa Buffalo au LeBaron wa New York, wakamjengea bodi kwa vipimo na ladha yake. Ndiyo maana Packard mbili za mwaka mmoja huenda zisifanane. Pierce-Arrow ilitambulika kwa mbali, kwa kuwa kuanzia miaka ya 1910 taa zake za mbele zilichomoza kutoka kwenye madigadi. Magari yake yalikuwa miongoni mwa yale rasmi ya kwanza ya Ikulu ya Marekani, enzi za Rais Taft, 1909.

Kisha likaja anguko la uchumi la 1929. Peerless iliacha magari 1931, na pombe iliporuhusiwa tena nchini humo, kiwanda chake kikageuzwa cha bia. Pierce-Arrow ilipeleka kwenye maonyesho ya Chicago ya 1933 gari liitwalo Silver Arrow, la dola 10,000. Yalitengenezwa matano tu. Ni gari zuri ajabu, lakini mwaka ule nani alikuwa na pesa hizo? Kampuni ikafungwa 1938.

Mtu atauliza: mbona Cadillac, iliyozindua injini ya silinda 16 mwaka 1930, wakati mbaya kuliko wote, haikufa? Kwa sababu nyuma yake ilikuwepo General Motors, iliyouza Chevrolet kwa wingi. Lincoln nayo ilikuwa mikononi mwa Ford tangu 1922. P Tatu hazikuwa na ndugu wa bei rahisi mwenye nguvu ya kuzilisha.

Packard ililiona hilo ikajizalia ndugu huyo yenyewe: modeli ya 120 ya mwaka 1935, ambayo ya bei ya chini kabisa haikufika dola 1,000. Wapo wanaosema hapo ndipo ilipojishushia heshima. Mimi naona iliinunulia kampuni miaka 20 ya uhai. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitengeneza injini za ndege ziitwazo Merlin kwa leseni ya Rolls-Royce, na 1954 ikaungana na Studebaker, kampuni iliyokuwa na matatizo makubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kiwanda cha Packard cha Detroit kikaacha kuunda magari 1956. Packard za mwisho, za 1957 na 1958, ziliundwa South Bend, Indiana, kwa bodi za Studebaker, na wapenzi wa magari wakazibandika jina la dhihaka: Packardbaker.