Watchdog inayohuishwa na draiva yake yenyewe hailindi kitu

"Draiva hii (programu inayoendesha kifaa) ina watchdog." Sentensi hiyo naikuta tena na tena kwenye maelezo ya mabadiliko ya kodi za bodi ndogo zinazoendesha Linux. Nikifungua kodi yenyewe, mara nyingi nakuta taima ya kerneli (sehemu ya ndani ya Linux inayosimamia maunzi) inayoandika kwenye rejista, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu, kila baada ya sekunde chache, tangu bodi inapowaka hadi inapozimwa, bila kujali kama kuna programu iliyo hai. Chipu ina watchdog, ni kweli. Ila kodi hiyo imeinyang'anya kazi yake na kuliacha jina tu.

Maana yenyewe ni fupi. Watchdog ni kaunta ya maunzi, ndani ya chipu au pembeni yake, inayohesabu muda hadi uishe. Programu inatakiwa kuihuisha, yaani kuirudisha mwanzo, kabla muda haujaisha. Ukiisha, kaunta inairiseti mashine na kila kitu kinaanza upya. Haiiombi kerneli ruhusa, haisubiri diski imalize kuandika, haijali prosesa imezama kwenye kitanzi gani. Ndiyo maana inawekwa kwenye bodi iliyofungwa juu ya mnara, mahali ambapo hakuna mtu wa kupanda kuizima na kuiwasha.

Jina hilo limetapakaa kwenye kerneli, na hapo kuna sehemu ya vurugu. Ukiona kwenye logi "watchdog: BUG: soft lockup - CPU#0 stuck for 22s!", hiyo siyo kaunta ya maunzi. Ni kerneli inajikagua: kizingiti cha watchdog_thresh kwa kawaida ni sekunde 10, na onyo la aina hii hutoka prosesa ikishikiliwa na kazi moja kwa zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa mpangilio wa kawaida huandika onyo tu, haiwashi kitu upya. "NETDEV WATCHDOG" nayo ni habari ya foleni ya kutuma data kwenye kadi ya mtandao. Softdog, watchdog ya programu tupu isiyo na maunzi, angalau inajaribu kufanya kazi ya watchdog, lakini inategemea kerneli ileile ambayo huenda ndiyo imeganda. Hayo yote yana faida yake. Hakuna hata moja litakaloiamsha bodi ambayo kerneli yake imekufa.

Vurugu hiyo naivumilia. Inayonikera zaidi ni ya pili, ya nani anaihuisha.

Kila mara watchdog inapohuishwa, kuna kauli inatolewa: sehemu fulani ya mfumo bado inafanya kazi. Kauli hiyo ina uzito wa anayeitoa, basi. Taima ya kerneli inaendeshwa na katizo la saa (ishara ya maunzi inayomkatiza prosesa kila mara), na katizo hilo linaendelea kuja hata kama programu kuu imeanguka, kumbukumbu imekwisha, au hifadhi imegeuka ya kusoma tu. Bodi haimjibu mtu yeyote, lakini rejista inaandikwa kwa uaminifu kila sekunde tano. Ni sawa na kuweka mashine ya kumsainia mlinzi wa usiku daftari la lindo: saini zitakuwepo zote, yeye hayupo getini.

Mfano mzuri wa kauli yenye uzito ni chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mars tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujiwasha upya. Ukaguzi uliosababisha hayo ulikuwa wa programu: kazi moja iliyoratibu basi ya data (njia ya kupitishia data), mizunguko minane kwa sekunde, iliangalia kama kazi nyenzake ya mzunguko uliotangulia imekamilika. Ilipokuta haijakamilika, ikaamuru kuanza upya. Chanzo kilikuwa kazi ya kipaumbele cha chini iliyoshika kufuli huku ya kipaumbele cha kati ikiipora prosesa. Kuwashwa upya kuligharimu shughuli zilizobaki za siku ile, lakini chombo kilibaki hai, na wahandisi waliitengeneza hitilafu kutoka duniani. Angalia swali lililoulizwa na ukaguzi ule. Halikuwa kama prosesa inapiga, lilikuwa kama kazi imekwisha.

Sasa, waandishi wa draiva hawaweki ile taima kwa uvivu. Wengi wana sababu ya kweli, nayo ni maunzi yenye muda mfupi. Chukua BCM2835, chipu ya Raspberry Pi ya kwanza. Kaunta yake ina biti 20 na inapiga mara 65,536 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuzidi sekunde 16. Mtumiaji anataka 60. Mwandishi anafikiri: nitaihuisha mwenyewe katikati. Wazo ni sahihi, na tangu 2016 kiini cha mfumo wa watchdog ndani ya Linux kinalifanya kwa niaba yake. Draiva inataja tu uwezo wa maunzi kwenye max_hw_heartbeat_ms, hesabu inafanyika kwingine.

Hesabu hiyo ndiyo napenda mhakiki, anayesoma kodi kabla haijakubaliwa, aielewe. Tuseme maunzi yanafika sekunde 15 na programu imeomba 60. Kiini kinaihuisha chipu kila baada ya nusu ya uwezo wake, yaani sekunde 7.5. Lakini kinaikumbuka mara ya mwisho ambayo programu yenyewe, kupitia /dev/watchdog (faili ambayo programu huitumia kuongea na watchdog), ilisema iko hai. Programu ikinyamaza, kiini kinahuisha kwa mara ya mwisho kwenye sekunde ya 45, kisha kinaacha. Sekunde 15 zilizobaki zinakatika ndani ya chipu, na bodi inawashwa upya kwenye sekunde ya 60, kama ilivyoombwa. Taima ya kujitengenezea haina ile sekunde ya 45. Haina mahali inapoacha. Ukiwa unahakiki, tafuta mahali hapo kwanza. Usipoiona, mengine yote kwenye draiva hayana haja ya kusomwa bado.

Kuna kipindi kimoja ambacho kerneli inaruhusiwa kuhuisha peke yake: wakati wa kuwaka, pale ambapo U-Boot, programu inayoipakia kerneli, imeshaianzisha kaunta na hakuna programu iliyofungua /dev/watchdog. Draiva inaweka alama ya WDOG_HW_RUNNING, yaani kaunta tayari inahesabu, na kiini kinaendelea kuihuisha. Hata hapo, open_timeout (muda wa kusubiri programu ifungue /dev/watchdog) ikiachwa sifuri, kitaihuisha bila kikomo, na mfumo uliokwama katikati ya kuwaka utabaki umekwama. Weka kikomo.

Vipengele maalumu vya chipu, vile ambavyo kila mtengenezaji anavyo vyake, vinataka jicho lilelile. Pretimeout ni ilani inayotolewa kabla ya kuwashwa upya, ili kerneli ipate nafasi ya kuandika hali yake. Inahesabiwa kutoka mwisho: timeout (muda wote) ikiwa sekunde 60 na pretimeout 10, ilani inatoka sekunde ya 50. Nimeona draiva zikiiandika 10 moja kwa moja kwenye rejista inayohesabu kutoka mwanzo, na mwandishi ameipima kwa pretimeout 30 na timeout 60, ambapo kuhesabu kutoka mwanzo au mwisho kunafika sekunde ileile na kosa halionekani. Watchdog ya SBSA, kanuni za ARM za maunzi ya seva, ina hatua mbili za ishara, WS0 kisha WS1. Ikitumiwa kama ya hatua moja, WS0 inapuuzwa, hivyo draiva inaandika nusu ya muda kwenye rejista. Mtumiaji wa juu hajui habari hiyo, wala hapaswi kujua.

Faili za kubuni za sysfs (faili ambazo kerneli huzitoa ili mtu asome au abadili mipangilio ya kifaa) nazo zinapita kirahisi mno. Faili ya "enable" inayomruhusu mtu kuisimamisha kaunta inavunja nowayout, mpangilio ambao uliwekwa makusudi ili watchdog ikishaanza isisimame. Pale ambapo nowayout haikuwekwa, njia ya kuifunga kistaarabu ipo: programu inaandika herufi V kabla ya kufunga /dev/watchdog. Programu ikifa bila kuiandika, kaunta inaendelea na logi inasema "watchdog did not stop!" Wapo wanaoripoti ujumbe huo kama hitilafu. Ni mfumo kufanya kazi yake: aliyekuwa anahuisha amekufa, na hakuna aliyeaga.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika draiva, naomba kitu kimoja kwenye maelezo ya badiliko lenu: tajeni anayehuisha. Kama ni kerneli wakati wa kuwaka tu, andikeni hivyo na mtaje kikomo. Kama ni systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma nyingine, kumbukeni kwamba RuntimeWatchdogSec inathibitisha uhai wa systemd peke yake. Huduma yenu inahitaji WatchdogSec yake ndipo nayo ihesabike. Na kama ni taima ya draiva isiyoacha kamwe, badala ya "inaongeza watchdog" andikeni "inaizuia watchdog ya chipu isiiwashe upya bodi", kwa sababu ndicho kinachofanyika. Kisha isajilini kwenye kiini kupitia watchdog_device na mwiondoe taima ile. Mara nyingi draiva inatoka fupi kuliko ilivyoingia.