Madison hakuwa mkulima

Juzi nimekutana nayo tena, safari hii katika wasifu uliotafsiriwa: James Madison, rais wa nne wa Marekani, eti alikuwa "mkulima wa Virginia, ofisa wa mgambo na mbunge wa jimbo". Mgambo na ubunge sina neno navyo. Mwaka 1775 alipewa cheo cha kanali katika mgambo wa kaunti ya Orange, ingawa afya haikumruhusu kwenda vitani, na 1776 akaingia bunge la Virginia. Shida ni huo ukulima.

Neno lililotafsiriwa hapo ni "planter": mwenye shamba kubwa la zao la biashara, linalolimwa na watumwa. Wanahistoria wa Marekani ya kusini kwa kawaida huanza kuhesabu kwenye watumwa 20. Chini ya hapo mtu ni "farmer", na huyo ndiye mkulima tunayemjua, anayeshika jembe pamoja na wanawe.

Watafsiri wanapotezwa na sura ya neno. Wanaona kupanda, wanafikiria mbegu. Lakini hapo zamani kilichopandwa kilikuwa watu. Waingereza walipopeleka walowezi Ulster, huko Ireland, kuanzia 1609, waliita kazi hiyo kupanda, na mlowezi mwenyewe akaitwa planter. Kule Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo, planter alikuwa mvuvi aliyehamia pwani, shamba hana! Ni Virginia, tumbaku iliposhika uchumi na Waafrika wakaletwa kuanzia 1619, ndipo neno lilipohama polepole kutoka kwa mlowezi yeyote hadi kwa mwenye ardhi na mwenye watu wa kuilima.

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu. Mkulima ni anayelima. Montpelier, shamba la akina Madison, tumbaku na ngano zililimwa na watumwa takriban 100, na Madison alipofariki mwaka 1836 wosia wake haukuwaacha huru. Tukimwita yeye mkulima tunampa jina la kazi yao, nao wanatoweka kwenye sentensi.

"Bwana shamba" haifai pia, maana Tanzania huyo ni mtaalamu wa kilimo. Mimi huandika "mwenye shamba la watumwa". Ni maneno manne mahali pa moja, najua, na mhariri hupenda kufupisha. Hapo namwomba asifupishe.